Kiangazi Tulichovisha Miti Leso

Kuna Ijumaa moja ya kiangazi, mwanangu, ambayo mpaka leo nikiikumbuka moyo hunienda mbio kama wa mtu aliyesikia jina lake likiitwa mbele za watu. Jua la Bumula lilikuwa limetukalia tangu Krismasi bila kupepesa jicho, na mimi nilikuwa nimesimama shambani na reki mkononi, nikibomoa mwenyewe kitu nilichokijenga kwa wiki nyingi. Lakini ngoja. Nikianzia hapo hutanielewa, na mimi jambo lisipoeleweka huniharibia usingizi.

Kwanza unisamehe kukuita mwanangu. Nimelifikiria hilo sana kabla ya kuandika. Kwa vitambulisho tumepishana miaka michache tu, na sina hata unywele mmoja mweupe. Lakini baba yako ni kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, na kwa desturi yetu mimi ni senge yako, shangazi yako, hata kama ningekuwa bado natambaa. Jana umenitumia picha ya miche yako, majani yamejikunja kama vidole vya mtu anayesikia baridi, ukaandika, "Senge, hii miti inakufa ama inaringa?" Nimecheka, kisha nimekaa kutafuta jibu mpaka chai ikapoa. Jibu fupi ninalo, ila la kukusaidia ni refu. Basi vuta kiti.

Nilipomaliza chuo nilipanga chumba kule Kitale, mtaa wa Tuwan, karibu na msikiti. Asubuhi nilituma maombi ya kazi, jioni nilifikiria kwa nini hayajibiwi. Labda nimesalimia vibaya. Labda nimesalimia vizuri mno, wakaona najipendekeza. Jirani yangu, Mama Zuhura, muuza mandazi, alikuwa amepanda sukuma wiki ndani ya magunia ya udongo aliyoyapanga kando ya ukuta wa ploti. Kiangazi kilipoingia, sukuma za wengine ziligeuka karatasi. Zake zilibaki kijani, tena za kuringa. Alikuwa ametundika leso kuukuu kwenye kamba, upande wa magharibi tu, na chini ya kila shina ametandaza maganda ya mahindi.

Nilimuuliza kwa nini hafuniki pande zote.

"Jua la asubuhi ni mgeni wa heri, hilo unafungulia mlango," aliniambia. "La saa tisa ni askari wa kanjo wa kufukuza wachuuzi. Hilo unafunga, na unanyamaza kabisa."

Sijui kwa nini maneno hayo yalinichangamsha vile. Pengine ni kwa sababu kwa miezi mingi hakuna kitu nilichokigusa kilichokuwa kinakua. Nilianza kusoma habari za miti, nikatembelea vitalu vya miche vilivyo kando ya barabara ya kutoka Kitale, nikauliza maswali mpaka wenye vitalu wakawa wakiniona wanajifanya wako kwa simu. Mvua za Aprili zilipokaribia nilifunga virago, nikarudi nyumbani Bumula na miche ya maparachichi ya kupandikiza, nikamwomba baba kipande cha shamba.

Baba unamjua. Ni mtu wa miwa. Amelelewa na miwa, ametusomesha kwa miwa, na ukimtajia zao lingine anakutazama kama umemtukania mama. Kipande nilichokitaka kiko kati ya lango na nyumba ya Kukhu, bibi yetu, mahali ambapo kila anayeingia nyumbani kwetu lazima apite.

"Avokado," alisema, akilitafuna hilo neno. "Hiyo si ni ya kupaka mkate?"

"Inauzwa pia, baba."

"Sawa. Panda. Ikipita kiangazi kimoja, hicho kipande ni chako, sitakuuliza tena. Ikikufa, trekta inaingia, tunaweka miwa. Na hakuna kesi."

Hakuna kesi. Mwanangu, nilipanda miche ile kama mtu anayelaza watoto. Mvua ilinyesha vizuri, miche ikashika, majani mapya yakatoka na rangi yake ya shaba, na kila asubuhi nilitembea kati ya mistari nikijisikia tajiri. Msichana mzima, na shahada yangu, nimepata kitu cha kusema watu wakiniuliza nafanya nini siku hizi. Mchagua jembe si mkulima, nami nilikuwa nimeacha kuchagua.

Desemba mvua ikakatika ghafla kama mtu amefunga bomba. Kufikia Januari ardhi ilikuwa imeanza kupasuka, na saa saba mchana ukipita pekupeku unaruka kama mtoto anayecheza kamba. Kila mchana majani ya miche yalilegea, na kila mchana nilikimbia kisimani na ndoo. Nilimwaga maji juani, yakafoka kidogo, yakapotea. Nikirudi na ndoo nyingine, pale pa kwanza pamekauka kama hapakuwahi kuguswa. Mikono iliniuma, kisima kikaanza kutoa maji ya matope, na watu wa nyumbani wakaanza kunitazama kwa jicho la mtu anayeibiwa kisima.

Siku moja nilichoka nikakaa tu, nikaitazama miche kama unavyomtazama mgonjwa. Jua liliposhuka, kabla sijatia tone, majani yakaanza kuinuka yenyewe. Polepole, moja baada ya jingine. Nilisimama. Kumbe mti nao hulala mchana! Kulegea saa saba si kufa. Unajikunja ili usipoteze maji. Ukiukuta asubuhi bado umelegea, hapo ndipo una kiu ya kweli. Nikaacha mbio za mchana. Nikawa nanywesha alfajiri au jua likizama, polepole, maji mengi kwa mara moja, kisha naacha mpaka udongo uniombe.

Lakini furaha kubwa ilikuja kwa njia nyingine. Kwenye mpaka wetu, jirani alikuwa amevuna miwa akaacha rundo la majani makavu. Nilipita hapo saa nane, jua la kukaanga, nikaingiza mkono chini ya rundo, hata sijui nilikuwa natafuta nini. Udongo ulikuwa baridi. Baridi, mwanangu, na una unyevu, na kuna nyungunyungu anajikunja bila haraka kama mtu aliye likizo. Nikatoa mkono nikaugusa udongo wa wazi hatua moja kutoka pale: moto kama kikaango. Nikarudisha mkono ndani. Nikatoa tena. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi siku hiyo niliinama mpaka mdogo wangu Nanjala akaja kuniuliza kama nimeanguka.

"Weka mkono hapa," nilimwambia.

"Kuna nyoka?"

"Weka tu."

Akaweka. Akanitazama. "Ii. Ni kama friji."

Tulianza siku hiyo hiyo, mimi na Nanjala, kubeba majani ya miwa kwa mashuka ya zamani. Kila mche tuliuchimbia kisahani kuzunguka shina, tukatandaza majani mazito, tukaongeza ya migomba juu. Mwanzoni niliyasukuma mpaka yakagusa shina, nikidhani ndio upendo. Mchwa wakafurahi, wakaanza kujenga. Nikayarudisha nyuma upana wa kiganja, nikanyunyizia jivu pale katikati, wakahama. Nilichanganya chokaa na maji nikapaka mashina, maana gome changa huungua na jua kama ngozi. Upande wa magharibi wa kila mche nikasimika vijiti viwili, nikafunga kipande cha gunia. Magunia yalipoisha nikampigia Mama Zuhura. Akanitumia furushi la leso kuukuu, zake na za majirani zake wote, nyekundu, njano, buluu, zenye maua na zenye korosho.

Basi shamba likapendeza, au likachekesha, inategemea nani anatazama. Waliokuwa wanapita barabarani walisimama.

"Nekesa, hiyo miti imejiunga na shule? Naona imevaa soksi."

"Ati na yunifomu pia."

"Karo unalipa wewe ama baba?"

Nilicheka nao. Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba yangu mimi ilikuwa inaoza kidogo kidogo, ikigeuka mbolea, na uzuri wake ulikuwa huo. Niliingiza kidole chini ya majani kila jioni, nikakuta unyevu, nikaingia nyumbani nikiimba.

Kisha ikaja habari njema iliyonitia hofu. Nanjala alikuwa amepata mchumba, kijana wa Cheptais, na wazee wa kwao wakatuma neno kwamba wanakuja Jumamosi kuzungumza mahari. Wanaingia kwa lango. Wanapita kati ya miti yangu.

Sasa unajua watu wetu tulivyo. Boma kwetu hupimwa kwa ufagio. Mgeni kabla hajaonja chai ameshatazama uwanja, na akiona jani anaona uvivu. Krismasi ikikaribia, watu wa mjini wakija, tunafagia uwanja, kisha ufagio haurudi nyumbani. Unaendelea mpaka chini ya migomba, mpaka kwenye miti, majani yote yanakusanywa na kuchomwa, ardhi inabaki nyekundu, tupu, inang'aa kama sufuria iliyosuguliwa. Tunaita usafi. Na tunaufanya wakati ule ule jua linapoanza kunoa meno.

Mkuu wa ufagio nyumbani kwetu ni mama mdogo Rosa, mke wa mdogo wake baba. Ana moyo wa dhahabu na mdomo wa pilipili. Alinijia wiki ile amejifunga leso kiunoni, na hiyo ilikuwa ya kwake, si ya mti.

"Nekesa mama, hii uchafu inatoka lini?"

"Sio uchafu, mama mdogo. Ni blanketi."

"Blanketi ya nani, na hii joto? Watu wa Cheptais wataona blanketi? Wataona nyumba ya wavivu. Wataenda kusema ati kwa kina Nanjala hakujui ufagio. Na hizo marapurapu kwa miti watadhani kuna mganga."

Nilijitahidi kumweleza. Lakini mimi nikieleza jambo huanza na sababu, nikaongeza sababu ya sababu, na nilipomaliza alikuwa ameshafika jikoni. Kilichonivunja nguvu si yeye. Ni Nanjala, ambaye alikuwa amebeba majani yale pamoja nami, aliyekuja kunishika mkono akasema kwa sauti ndogo, "Dada, si utoe tu mpaka Jumapili. Ni siku mbili. Mimi sitaki waanze kunicheka kabla sijaingia kwao."

Kichwa changu kilianza kazi yake. Wakikataa je? Nanjala akikosa ndoa kwa sababu ya majani ya miwa, atanitazama vipi tukizeeka? Lakini siku mbili za jua lile bila kifuniko, na miche yenyewe bado midogo, je? Na nikitoa, nitarudishaje majani mengi hivyo? Niliupima upande huu, nikaupima ule, na mtu anayepima sana mwishowe hufanya lile linalotakiwa na aliye karibu.

Ndiyo Ijumaa ile. Saa nane mchana nilichukua reki nikaanza na mstari wa mbele, ule wa karibu na lango. Nilifungua leso moja moja. Nikavuta majani. Chini yake udongo mweusi wenye unyevu ukatoka juani, ukaanza kubadilika rangi nikiutazama. Mama mdogo Rosa alikuwa nyuma yangu na toroli, anazoa, na kabla sijafika mwisho wa mstari niliona moshi nyuma ya nyumba. Alikuwa anachoma. Nilidhani tunayaweka kando. Yeye alikuwa anamaliza kazi.

Nikaanza mstari wa pili. Hapo Kukhu akatoka.

Kukhu wakati huo alikuwa anatembea kwa fimbo, na kutoka mlangoni kwake hadi shambani ilikuwa safari. Alikuja polepole mpaka akafika mbele yangu. Ukumbuke huyu ndiye mwanamke ambaye uwanja wake, hata leo, ungemwaga mtama ukauokota wote bila punje moja ya mchanga. Nilijua amekuja kuongeza nguvu upande wa ufagio.

"Nani amekufa?" aliuliza.

"Hakuna, Kukhu."

"Sasa mbona unawavua hawa nguo?"

"Wageni wanakuja kesho."

"Watakaa mpaka lini?"

"Mpaka jioni."

"Na jua?"

Nikaendelea kufungua fundo la leso.

"Nimekuuliza. Jua linaenda nao Cheptais?"

Mama mdogo Rosa akaweka toroli chini. "Lakini mama, si wewe ndiye ulitufundisha kufagia? Nikiolewa hapa nilifagia mpaka mgongo ukalia."

"Nilikufundisha kufagia uwanja, Rosa. Mahali mtoto anatambaa, mahali nyoka anaonekana mapema. Majani nilisukuma kwa migomba. Wewe uliniona nikichoma? Nyinyi ndio mlitoa ufagio mlangoni mkaupeleka mpaka shambani, juu ya kuiga kompaundi za watu wa town. Huko wana lami. Sisi tuna udongo."

Mama mdogo akatazama moshi wake, kisha akaangalia kitu kwenye gurudumu la toroli.

Kisha Kukhu akanigeukia. Sijasahau alivyosema, maana hakupandisha sauti. "Na wewe. Kufikiria sana si ubaya, Mungu amekupa kichwa, kitumie. Lakini wewe unafikiria midomo ya watu. Mdomo wa mtu utasema leo hivi, kesho vile. Mti hausemi. Ukikosewa unakufa tu. Kati ya hao wawili, nani anahitaji umfikirie?"

Akanyoosha mkono. Nikampa reki. Akaenda nayo nyumbani kwake kama amemnyang'anya mlevi panga, na mpaka leo hajanirudishia.

Mstari wa mbele ulibaki uchi. Wa pili nikaurudishia nguo zake, na mingine yote ilibaki imevaa.

Jumamosi wageni walifika kwa gari la kukodi, wazee watano sita na akina mama wawili, wamevalia koti za milimani na jasho linawatoka, maana Cheptais kuna ubaridi na sisi tulikuwa tunawachoma. Mimi nilikuwa dirishani kwa Kukhu na chano cha vikombe mikononi, nimesahau nilikuwa nakipeleka wapi. Msemaji wao, mzee mrefu wa kofia, alipita mstari wa mbele bila kuutazama. Alipofika kwenye miti iliyovaa akasimama. Wote wakasimama.

Akazunguka mti mmoja. Akainua leso kwa ncha ya fimbo yake, akachungulia. Akarudisha. Wakaingia ndani kwa Kukhu, wakakaribishwa, wakanywa chai, na mazungumzo yakaanza. Babu yako, yule baba mkubwa wangu, ndiye alikuwa msemaji wetu. Alitaja ng'ombe kwa utulivu kama mtu anayetaja majina ya wajukuu. Mzee wa Cheptais alisikiliza mpaka mwisho, kisha akakohoa.

"Wakwe zetu," alisema, "tumetembea kwa mji wenu, tumeona. Nyumba ambayo hata miti inavaa leso, tena leso tofauti tofauti, hiyo si nyumba ya shida. Sasa ng'ombe wote hao ni wa nini? Si mtupunguzie."

Nilitamani sakafu ya Kukhu ipasuke inimeze. Mama mdogo Rosa alinitazama kutoka upande wa pili kwa jicho la nilikwambia.

Babu yako hakuharakisha. Alimaliza chai yake, akakigeuza kikombe. "Mzee, umeona vizuri, na macho yako Mungu ayahifadhi. Lakini umeona nusu. Nyumba ambayo haiachi hata mti uungue na jua, hebu fikiria binti yao wamemlea vipi. Na huyo unayetaka kumchukua ndiye alibeba hayo majani kwa mgongo wake. Mimi nilikuwa natafuta njia ya kuongeza ng'ombe, na wewe umenisaidia."

Walicheka mpaka mzee wa kofia akavua kofia. Mmoja wa akina mama wao akapiga makofi akasema, "Hapo umefungwa, bana, lipa." Na mambo yakaenda vizuri, yakaisha vizuri, na Nanjala alipita karibu nami na sinia la nyama akanifinya mkono kwa nguvu mpaka nikaumia. Nilifurahia maumivu yale siku nzima.

Wageni waliondoka jioni. Jua likarudi asubuhi, kama Kukhu alivyojua litarudi. Na wiki zilizofuata, mwanangu, ndizo zilikuwa jua lenyewe. Tuliyoyaona kabla yake yalikuwa salamu. Mstari wa mbele niliufungia leso tena, lakini majani yake yalikuwa majivu, na miwa ya karibu ilikuwa imechomwa ikavunwa, hakuna cha kuokota. Nikatandaza nyasi chache, nikanywesha, nikabembeleza. Magome yakapasuka upande wa magharibi. Majani yakawa kahawia kuanzia kingoni, yakaanguka. Mistari ya ndani ililegea mchana ikaamka jioni, ikalegea ikaamka. Nilikuwa nazunguka shamba lile kama muuguzi wa zamu, moyo uko juu, na kila wingu lililopita juu ya milima ya Cheptais nililisalimia.

Mvua ya kwanza ilishuka alasiri moja kwa kelele, na nyumba nzima ikatoka kusimama barazani kuinusa. Siku chache baadaye niliamka nikasikia trekta langoni.

Baba alikuwa ameshika neno lake, naye dereva alikuwa ameshika usukani. Baba akaanza kukagua, na pa kuanzia palikuwa pale pale langoni, mstari wa mbele. Alikwaruza gome la kwanza kwa ukucha: kahawia. La pili: kahawia. Shina la tatu akalivunja tu na vidole, likalia kama kuni.

"Mzee, hapa ni miwa," dereva alisema kutoka juu. "Niingie?"

Nilikuwa na maelezo, mwanangu. Nilikuwa nimeyatayarisha kwa wiki nzima, yana utangulizi na yana hitimisho. Yote yalinitoka. Nilimshika baba mkono, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu utoto, nikamvuta ndani kwenye mstari wa pili. Nikapiga magoti nikafunua majani. Udongo ukatoa ile harufu. Baba akainama, akakwaruza gome kidogo.

Kijani. Kijani kibichi chenye maji.

Akaenda mti wa pili, akakwaruza. Kijani. Wa tatu. Akaanza kutembea haraka, mimi nyuma yake, anakwaruza na kupita, anakwaruza na kupita, na mahali fulani kati ya mstari wa tatu na wa nne nikaona ameacha kukwaruza. Anainua tu leso anatazama chipukizi, anafunika tena polepole. Alifika mwisho wa shamba, akasimama akiwa amenipa mgongo. Kisha akamgeukia dereva.

"Wewe peleka hiyo gari kwa ndugu yangu kule chini," alisema. "Hapa kuna mwenyewe."

Trekta ikarudi nyuma na moshi wake. Nilikaa chini kwenye matope na nguo yangu safi, na Kukhu, mlangoni kwake, akaniambia niinuke nisije nikaota mizizi.

Sasa sikia ninachokushauri, kwa kuwa umeniuliza. Kwanza miche yako hairingi wala haifi. Isubiri jioni. Ikiinuka, iache, ikiamka asubuhi bado imelegea, inyweshe, na uinyweshe polepole mpaka maji yashuke chini, usiioshe uso tu. Leo hii tafuta majani makavu, ya miwa, ya migomba, nyasi, chochote, utandaze mazito kuzunguka kila mche na uache nafasi ya kiganja karibu na shina. Kinga upande wa magharibi, na uache upepo upite. Mashina yapake chokaa, na watu wakisema yamevaa soksi, waambie viatu vinakuja. Usitie mbolea ya dukani wala usikate matawi jua likiwa hivi, maana mgonjwa hapewi jembe. Usichome jani. Jani lililoanguka halijamaliza kazi.

Na lililo kubwa kuliko hayo. Itafika siku mtu unayempenda atakuomba ukifunue kitu unachokilinda, kwa siku mbili tu, ili watu waone vizuri. Hatakuwa mbaya. Atakuwa na sababu, na wewe utakuwa na wasiwasi. Usimkasirikie, lakini usifunue. Mweleze kwa maneno machache, au usimweleze kabisa, mpe mkono aguse mwenyewe. Nami nakwambia haya kwa sababu ya mstari ule wa mbele, ambao ilinibidi kuupanda upya, na ambao mpaka leo ni mfupi kuliko mingine.

Mungu akupe mvua ya usiku na umande wa asubuhi. Akupe mikono isiyochoka na jirani asiyekunyima kisima. Ulichokipanda kikue mpaka usiweze kukikumbatia, watoto wa watu wapumzike hapo bila kuuliza ni kwa nani, na matunda yale ya juu kabisa, usiyoyafikia hata kwa ngazi, yawe ya ndege.